Rubani akisema ameuona uwanja, nani anatulinda na mlima?

Abiria wa Dirishani

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi si mtu wa fani ya anga. Ni mhasibu ambaye kazi humpeleka Arusha mara nne au tano kwa mwaka, na kila safari huomba kiti cha dirishani kwa sababu sijachoka kuitazama milima. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tukishuka kuelekea KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, jua limeshatua na upande wa magharibi umebaki na wekundu mwembamba tu, rubani akatutangazia kwamba uwanja ameshauona, kwa hiyo angeingia kwa macho badala ya kuizunguka ile njia ndefu ya kufuata vyombo, na tungeokoa dakika kadhaa. Muda si mrefu ndege ikalalia bawa la kulia, na katika dirisha langu la kushoto nikauona Mlima Meru, mweusi tii, umesimama juu ya bawa kana kwamba uko jirani kabisa.

Tulitua salama, wala sina lalamiko juu ya mtu yeyote. Hata hivyo swali limenikaa kichwani na ninaomba wenye ujuzi wanisaidie. Rubani akishasema kwamba ameuona uwanja, je, mnara bado unaangalia umbali wetu na mlima, au kazi hiyo imekuwa ya macho yake peke yake? Nimesikia pia kwamba ndege za abiria zina mtambo unaopiga kelele zikikaribia ardhi vibaya. Ukipiga kelele wakati rubani anaiona njia ya kurukia mbele yake, amwamini nani, mtambo au macho?

Nauliza hivyo kwa sababu nakumbuka Desemba 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa ikienda KIA ilitua katika uwanja mdogo wa Arusha. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini kama watu wazoefu waliweza kuchanganya viwanja viwili vilivyoachana kwa karibu kilomita 50, mimi mhasibu naona si ajabu mtu akauchanganya mlima na wingu.

Kapteni Mstaafu

Ndugu Abiria, niliendesha Twin Otter na baadaye ATR katika anga ya Afrika Mashariki hadi nilipostaafu, na nitakujibu kwa urefu kwa kuwa swali lako la kwanza hata marubani vijana wengine hulijibu nusu.

Kuingia kwa macho hakuna maana kwamba ndege imeacha utaratibu wa safari ya vyombo. Mpango wa safari unabaki ule ule, na mwongoza ndege anaendelea kututenga na ndege nyingine. Kinachoondoka ni kitu ambacho abiria hakioni, nacho ni kazi ya yule mtaalamu aliyekaa na ramani, akapima kila kilima na kila mnara wa simu katika njia ya kuingilia, akaongeza nafasi ya usalama, kisha akaandika kwamba katika kipande hiki usishuke chini ya futi kadhaa. Rubani anayefuata ILS, yaani mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi njia ya kurukia, au mpango mwingine wa vyombo anairithi kazi hiyo bila hata kuifikiria. Anayeingia kwa macho ameuacha urithi huo mlangoni. Hakuna kiwango cha chini kilichoandikwa kwa ajili ya kona anayokata, na hata njia ya kupaa tena akishindwa kutua haikuchorwa kwa ajili yake, kwa sababu mpango wenyewe haupo. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba tangu alipoikubali ruhusa hiyo, umbali wa ndege na ardhi ulikuwa juu yake yeye na rubani mwenzake.

Sasa tazama mtego ulipo. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hudai rubani awe anaiona ardhi, lakini kwa utaratibu wa Marekani, ili apewe ruhusa hiyo, anaulizwa kama anauona uwanja, au ndege iliyo mbele yake. Huko haulizwi kama anaiona ardhi iliyo kati yake na uwanja, na hayo ni mambo mawili tofauti. Taa za uwanja huonekana kutoka mbali sana usiku, lakini kilima kisicho na nyumba wala taa hakionekani hata ukiwa karibu nacho. Wahenga walisema macho hayana pazia. Walisema hivyo kabla ya kuruka usiku. Sisi tuliofundishwa zamani tuliambiwa jambo moja ambalo nalikumbuka hadi leo: ukiwa unatazama taa za mji na ghafla zile za upande wa karibu zikaanza kuzimika moja moja, usidhani umeme umekatika, maana kuna kitu kigumu kimejiweka kati yako nazo.

Macho pia hudanganya kuhusu urefu wenyewe. Njia ya kurukia iliyo nyembamba kuliko uliyoizoea hukufanya ujione uko juu sana, na inayopanda kilima hufanya hivyo hivyo. Ukijiona uko juu unashuka, na kumbe ulikuwa sawa. Kibaya zaidi ni kile tunachokiita shimo jeusi, yaani usiku wa giza, chini yako kuna msitu au maji matupu, na mbele kuna taa za uwanja peke yake. Conrad Kraft wa kampuni ya Boeing aliwapima marubani wazoefu katika kifaa cha mazoezi miaka ya 1960 akaona wakishuka chini ya mteremko salama huku wakiamini kwamba wako sawa. Tarehe 26 Julai 2002 ndege ya mizigo ya FedEx, Boeing 727, ilikuwa ikiingia kwa macho Tallahassee, Florida, kabla ya mapambazuko, juu ya msitu usio na taa. Zile taa nne za PAPI zilizo kando ya njia ya kurukia, ambazo huonyesha mbili nyeupe na mbili nyekundu ukiwa sawa, zilikuwa zikionyesha wekundu, maana yake wako chini mno. Wachunguzi walikuta kwamba rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha, alikuwa na kasoro kubwa ya kutofautisha rangi, na uchovu ulikuwemo pia. Waliipiga miti kabla ya kuifikia njia ya kurukia. Watatu wote walipona.

Wala usidhani ni usiku tu. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand aina ya DC-10 iliyokuwa katika matembezi ya kuitazama Antaktika iliugonga Mlima Erebus mchana kweupe, wakafa wote 257. Njia iliyoingizwa katika kompyuta ilikuwa imebadilishwa bila marubani kujulishwa, na theluji ya mlima ilikuwa imeungana na weupe wa wingu hata mbele yao pakaonekana tambarare. Walikuwa wakitazama, na walikuwa wakiona. Ila walichokiona hakikuwa mlima.

Tuje kwenye jioni yako. KIA iko futi 2,932 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Meru ni mita 4,566, yaani karibu futi 15,000, na kiko kama maili 22 za baharini kaskazini-magharibi mwa uwanja. Ndege inayoingia kutoka magharibi kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ikiwa maili 10 kabla ya uwanja, inapaswa kuwa karibu futi 3,200 juu yake, na altimita, chombo cha kupimia urefu, isome kama 6,100. Mahali hapo kilele cha Meru kiko maili 14 hivi kutoka kwako, lakini pia kiko karibu futi 9,000 juu ya kichwa chako. Kwa hiyo ulichokiona kilikuwa sahihi na hakikuwa hatari, ilimradi aliye mbele ajue amegeukia wapi. Kwa mwendo wa maili 210 za baharini kwa saa, maili 14 ni dakika nne, na miteremko ya mlima huanza mapema kuliko kilele.

Mnara Kimya

Shikamoo Kapteni. Nafanya kazi ya kuongoza ndege, na ninakubaliana na maelezo yako, isipokuwa nataka kuweka mpaka mmoja ambao wachangiaji wengi huuvuka bila kujua. Kuingia kwa macho si sawa na kuzunguka uwanja ili kutua upande wa pili baada ya kushuka kwa vyombo. Kwenye kuzunguka, eneo limepimwa: ndege za kundi C, moja ya makundi yanayopangwa kwa kasi ya kuingilia, zina duara la maili 4.2 kwa vipimo vya ICAO, na ndani yake kuna kiwango cha chini kilichokokotolewa. Ukitoka nje ya duara hilo ndipo unapokuwa huna mlinzi. Kwa vipimo vya zamani vya Marekani kundi hilo hilo lilikuwa na maili 1.7 tu, na rubani asiyejua uwanja umepimwa kwa kipimo kipi yuko hatarini. Tarehe 15 Aprili 2002 ndege ya Air China, Boeing 767, ilichelewa kukata kona ikizunguka kutua Busan, Korea Kusini, ikagonga mlima. Kati ya watu 166 walikufa 129. Kuingia kwa macho hakuna hata hilo duara.

Kuhusu mnara, ndugu Abiria, tunawatazama, lakini tunachoweza kukipima hupungua. Ninapompa rubani futi 9,000, nambari hiyo ninayo mimi na anayo yeye, naye huirudia nikiisikiliza. Hata hapo makosa hupita. Tarehe 3 Septemba 1974 Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikiingia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, marubani wakasikia 5,000, na uwanja wenyewe uko juu ya futi 5,300. Walitoka chini ya wingu wakaiona ardhi, wakavuta juu wakiwa wamebakiza futi 70 hivi. Mlolongo ule tunaweza kuuchunguza na kuurekebisha kwa kuwa kulikuwa na nambari iliyosemwa na kusikiwa. Nikishamruhusu aingie kwa macho, hakuna nambari ya kurudiwa wala ya kukosewa, na mimi sina cha kulinganisha na kile ninachokiona kwenye rada.

Baadhi ya vituo vya rada vina programu inayomwonya mwongoza ndege pale ndege inaposhuka chini ya kiwango salama. Ni msaada mkubwa pale inapofanya kazi. Kwenye kisiwa cha Guam, tarehe 6 Agosti 1997, programu hiyo ilikuwa imezuiliwa. Kapteni wa ile Boeing 747 ya Korean Air alikuwa amewaandaa wenzake kwa matarajio ya kuingia kwa macho, kipande cha ILS kinachoonyesha mteremko kilikuwa hakifanyi kazi, na mvua ikaificha njia ya kurukia. Waligonga kilima cha Nimitz, kama maili 3 kabla ya uwanja, wakafa watu 228 kati ya 254.

Mpenda Mabawa

Mnaeleza vizuri, lakini mimi sielewi kwa nini jambo hili halipigwi marufuku. Kama ILS ipo na inafanya kazi, kuna faida gani ya kumwachia mtu macho yake kwa ajili ya kuokoa dakika tano?

Mnara Kimya

Ndugu Mpenda Mabawa, dakika tano za ndege moja ni jambo dogo, ila si hizo zinazohesabiwa. San Francisco ina njia mbili sambamba zilizoachana kwa futi 750 tu. Kwa miaka mingi, anga ikiwa safi, ndege mbili ziliingia pamoja kwa kuonana. Mawingu yakishuka, hazikupangwa tena hivyo, na foleni ilirefuka hadi miji mingine. Mashirika yanalijua hilo na bado mengine hukataa. Oktoba 2023 ndege ya Lufthansa kutoka München ilifika huko usiku, na kwa kuwa sheria ya shirika lake haikuruhusu marubani kujitenga kwa macho usiku, ikasubiri angani hadi ikaenda kutua Oakland. Watu waliwacheka. Mimi sikuwacheka, kwa sababu rubani ana haki ya kukataa, na haki isiyotumika husahaulika.

Nyongeza moja juu ya uwanja huo huo: tarehe 6 Julai 2013 ndege ya Asiana, Boeing 777, ikiingia kwa macho mchana wenye anga safi huku kipande cha mteremko cha ILS kikiwa kimezimwa kwa ajili ya ujenzi, ilishuka mno na kupoteza kasi, ikagonga ukuta wa bahari ulio kabla ya njia ya kurukia. Walikufa 3 kati ya 307. Hapakuwa na mlima hata mmoja.

Fundi wa Vyombo

Niruhusuni nijibu sehemu ya pili ya swali, kuhusu mtambo, kwa sababu watu huuwazia kama jicho la ziada na sivyo ulivyoanza.

Mtambo wa kwanza, GPWS, ni kazi ya mhandisi Donald Bateman, mzaliwa wa Kanada, aliyefariki mwaka 2023. Marekani iliulazimisha kwenye ndege kubwa za abiria baada ya ndege ya TWA kugonga kilima karibu na Washington tarehe 1 Desemba 1974 na kuua watu 92. Ulikuwa ukitumia altimita ya redio, ambayo hupima umbali kutoka tumbo la ndege hadi chini, wima. Hapo pana kasoro mbili. Kwanza, haukuona mbele, hivyo mlima unaopanda ghafla kama ukuta uliugundua umechelewa. Pili, ilibidi unyamazishwe kiasi pale magurudumu na flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa, vikishawekwa kwa ajili ya kutua, la sivyo ungepiga kelele katika kila kutua. Kwa hiyo ndege iliyojiandaa vizuri kutua mahali pasipo na uwanja ingeweza kufika chini bila neno.

Tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya American Airlines, Boeing 757, ilikuwa ikiingia Cali, Kolombia, usiku, hali ya hewa nzuri. Marubani walikubali kutua moja kwa moja ili kuwahi, wakachagua kwenye kompyuta herufi R wakiamini ni kituo cha redio cha Rozo, kumbe ni Romeo iliyo upande wa Bogotá, na ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani. GPWS ililia sekunde kama 12 kabla. Walivuta juu kwa nguvu zote, lakini breki za hewa zilizo juu ya mabawa zilikuwa bado zimefunguliwa. Kati ya watu 163 walipona 4.

Mtambo mpya, EGPWS, ndio uliojibu kasoro hizo. Hulinganisha mahali ndege ilipo na hifadhidata ya sura ya ardhi ya dunia, ambayo sehemu yake ilitokana na ramani za Kisovieti zilizonunuliwa baada ya dola hiyo kuvunjika, kisha hutazama mbele. Kwa kawaida hutoa tahadhari ya kwanza kama sekunde 60 kabla, na onyo la kuvuta juu kama sekunde 30 kabla. Kwa mwendo wa maili 180 kwa saa, sekunde 60 ni maili 3. Pia hujua viwanja vilipo, ndipo huonya ndege inayoshuka mapema mahali ambapo hakuna njia ya kurukia. Ila mfano wako wa Arusha, ndugu Abiria, ni mzuri, kwa maana kazi ya msingi ya mtambo ni kutambua kwamba mbele kuna njia ya kurukia, si kujua kama ndiyo uliyoikusudia. Arusha na KIA zote zina njia ya 09 na 27. Tofauti ni kwamba wakati huo ya Arusha ilikuwa na urefu wa mita 1,620 na ya KIA mita 3,600, na Arusha iko juu zaidi kwa futi 1,600 hivi.

Kanuni za ICAO kwa miaka mingi zimedai mtambo huu kwenye ndege za injini za tabaini zenye uzito unaozidi kilo 5,700 au zinazobeba abiria zaidi ya 9. Zile Caravan ndogo zinazopeleka watalii mbugani ziko chini ya uzito huo, hivyo kinachoamua ni idadi ya abiria zinaoruhusiwa kubeba. Mwaka 2017 moja iliyokuwa ikielekea Serengeti iliangukia eneo la Empakaai, Ngorongoro, wakafa 11. Mwaka uliofuata nyingine iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, wakafa 10. Sisemi chanzo kilikuwa mtambo. Nasema kwamba kati ya ndege zinazopita karibu zaidi na milima yetu zimo ambazo kanuni hiyo haikuzilenga.

Amwamini nani? Islamabad, tarehe 28 Julai 2010, Airbus A321 ya Airblue ilitoka nje ya eneo la kuzunguka ikaelekea vilima vya Margalla huku mtambo ukionya tena na tena. Walikufa wote 152. Kwenye Mlima Salak, Indonesia, tarehe 9 Mei 2012, marubani wa Sukhoi iliyokuwa katika safari ya maonyesho waliuzima wakidhani hifadhidata ina tatizo. Walikufa wote 45. Mitambo hiyo miwili ilikuwa ikisema kweli.

Kuna jambo jipya linalonikosesha raha. Tangu mwaka 2023 mawimbi bandia ya GPS yamekuwa mengi Mashariki ya Kati na karibu na Bahari Nyeusi, na ndege iliyodanganywa mahali ilipo hutoa maonyo ya ardhi ikiwa juu kabisa angani. Marubani wanaopita huko mara kwa mara wanazoea kusikia onyo la uongo. Binadamu akishazoea, mkono huenda kwenye kitufe kabla ya akili.

Mngazija

Nawasalimu kutoka Komoro. Kapteni ameeleza shimo jeusi, sisi tunalo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, Airbus A310 ya Yemenia kutoka Sana'a ilikuwa ikizunguka uwanja wetu wa Hahaya ili kutua upande wa pili. Upande mmoja ni bahari isiyo na taa, upande mwingine ni kisiwa chenye mlima wa Karthala, zaidi ya mita 2,300. Ripoti ya wachunguzi ilieleza kwamba maonyo ya ardhi yalilia katika mzunguko usiotulia, kisha ndege ikapoteza uwezo wa kuelea na kuanguka baharini. Kati ya watu 153 alipona msichana mmoja, Bahia Bakari. Ninaloongeza ni kwamba onyo lenyewe linaweza kumeza akili ya rubani: anapambana na sauti huku kasi inakwisha.

Abiria wa Dirishani

Nawashukuru nyote, na Mngazija nakupa pole. Nimebaki na swali moja kwa Kapteni. Fundi ameonyesha kwamba mtambo ulisema kweli. Je, kanuni zenu zinamruhusu rubani aliye katika mwanga wa mchana kuupuuza? Na yule wa jioni yangu, alipaswa kuwa anafanya nini wakati mimi natazama nje?

Kapteni Mstaafu

Marahaba kijana wa mnara, nilichelewa kuitikia. Mngazija, asante, nilikuwa nimelisahau hilo la sauti.

Ndugu Abiria, upo mwanya, nao ni mwembamba. Taratibu za mashirika mengi husema kwamba tahadhari ikilia mchana, anga ikiwa safi, na rubani akawa ameshathibitisha kwa macho kwamba hakuna ardhi wala kizuizi mbele, anaweza kuendelea. Maneno ya kushika ni mchana, na kuthibitisha. Usiku, au ndani ya wingu, au onyo lenyewe la kuvuta juu linapotoka huku hujathibitisha chochote, hakuna mjadala katika chumba cha marubani: nguvu zote za injini, pua juu, breki za hewa zifungwe, mabawa yawe sawa, magurudumu na flapu viachwe vilivyo hadi ardhi ipite. Ukishafika salama juu ndipo mnaulizana nani alikuwa sahihi. Jioni yako, jua likiwa limeshatua, mimi nisingeutumia mwanya huo.

Kuhusu alichopaswa kufanya, nitakuambia tulivyofanya sisi. Tulikubali kuingia kwa macho, lakini ILS ya njia 09 tuliiweka kwenye vyombo vile vile, ili macho yakisema jambo moja na sindano nyingine, mmoja wetu aseme kwa sauti. Mwenye kutazama nje alitazama nje. Mwenzake hakuruhusiwa kushangaa milima, kazi yake ilikuwa umbali na urefu, maili moja kwa futi 300, na kutaja kiwango ambacho hatutashuka chini yake hadi tuwe tumenyooka na uwanja. Kufikia futi 500 juu ya uwanja kama kasi, mteremko na injini havijatulia, tunapaa tena bila kuombana ruhusa. Taa nne nyekundu za PAPI nazo ni hivyo hivyo.

Na kioo kimoja kilionyesha ramani ya ardhi muda wote wa kushuka. Rangi ya kijani ni ardhi iliyo chini yako, njano ni iliyokaribia urefu wako, na nyekundu ni ile inayokupita kwa zaidi ya futi 2,000. Wakati wewe unaona mlima mweusi juu ya bawa, kama kioo cha rubani wako kilikuwa kimewashwa hivyo, Meru ulikuwa doa jekundu upande wa kushoto, na kila alipozidi kugeuka kulia, doa lilikuwa likihamia nyuma yake.